Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya usalama wa anga: Mvua ya asubuhi Bukoba haikuwa jambo la ghafla

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia uchukuzi, usalama wa anga, viwanja vya ndege, huduma za hali ya hewa na uokoaji,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: USALAMA WA NDEGE ZINAZOTUA BUKOBA NA VIWANJA VINGINE VYA MIKOANI WAKATI WA HALI MBAYA YA HEWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Manispaa ya Bukoba na mstaafu wa kazi ya kupima hali ya hewa kwenye viwanja vya ndege. Jambo ninaloliandika leo nimekwisha kuliandika kwa ofisi zinazohusika, kwa utaratibu na kupitia ngazi zote zinazotakiwa. Barua nyingine hazikujibiwa, na zilizojibiwa zilinieleza kwamba suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi, bila kunieleza ni kazi gani, inafanywa na nani wala itakamilika lini. Sina ugomvi na mtumishi yeyote wa ofisi hizo. Ninaandika hadharani kwa sababu suala lenyewe ni la umma, na kwa sababu wanaopanda ndege kuja Kagera wana haki ya kuuliza pamoja nami.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, muda mfupi kabla ya saa tatu, ndege aina ya ATR 42 ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba, huku mvua ikinyesha. Ndani yake walikuwamo watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Watu 19 walipoteza maisha, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa. Siku iliyofuata tuliwaaga marehemu katika Uwanja wa Kaitaba. Tangu siku ile nimesikia sababu moja ikirudiwa katika hotuba na katika mazungumzo ya mitaani, kwamba chanzo kilikuwa hali mbaya ya hewa. Barua hii naiandika kupinga sababu hiyo kuwekwa peke yake, na hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Hali ya hewa ya Bukoba inajulikana, na inajulikana hata kwa saa.

Usiku nchi kavu inayozunguka ziwa hupoa haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu hupanda juu na kuwa mawingu makubwa ya radi. Kwa kuwa upepo mkuu wa eneo hili hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi na kutufikia sisi alfajiri na asubuhi. Ndiyo maana upande wa Kenya mvua nyingi ya radi hunyesha alasiri, na sisi huipata wakati watoto wanakwenda shule. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma hupata chini ya 600. Mwezi wa Novemba ni katikati ya msimu wa vuli. Kwa hiyo mvua kubwa kutoka ziwani, asubuhi, mwezi wa Novemba, ni hali ambayo mpangaji yeyote wa safari za ndege za Bukoba alipaswa kuwa nayo mezani kabla ya kupanga saa ya kuwasili.

Naomba niwaeleze pia jinsi mvua hiyo inavyoingia, kwa sababu nadhani wengi mnaofanya maamuzi hamjawahi kusimama pale uwanjani kuitazama. Mpimaji wa mwonekano hutumia alama ambazo umbali wake unajulikana, na kwa mtu wa Bukoba alama ya kwanza upande wa maji ni kisiwa cha Musira. Kwanza kisiwa hubadilika rangi na kuwa cha kijivu. Kisha ukingo wake wa mbali hupotea, kisha kisiwa chote, na baada ya hapo mstari mweupe wa mvua huonekana ukitembea juu ya maji kuja ufukweni. Tangu kisiwa kipotee hadi matone ya kwanza yapige bati la uwanjani, dakika ni chache sana. Taarifa ya kawaida ya hali ya hewa hutolewa kila saa au kila nusu saa, na ile ya dharura hutegemea mpimaji awe ameona, amepima, ameandika na ametuma. Rubani aliyepokea taarifa ya dakika ishirini zilizopita anaweza kuwa na taarifa ya kweli kabisa kuhusu hali ambayo haipo tena. Kwa mahali kama hapa panahitajika vifaa vinavyopima mwonekano, kimo cha mawingu na upepo mfululizo, katika ncha zote mbili za njia ya kurukia, na kumfikishia rubani vipimo vya dakika ileile.

2. Rubani anayetua Bukoba kwenye mvua asiachwe ategemee macho yake.

Kwa wasomaji wasioifahamu kazi hii, nieleze kwa kifupi. Ndege inaweza kutua kwa njia mbili. Ya kwanza ni rubani kuiona njia ya kurukia kwa macho na kuifuata. Ya pili ni kutua kwa vyombo, ambapo mawimbi ya redio kutoka mitambo iliyowekwa uwanjani, au mawimbi ya setilaiti, humwonyesha rubani kama yuko katikati ya mstari wa njia na kama yuko juu au chini ya mteremko sahihi. Mteremko wa kawaida ni nyuzi 3, yaani katika kila kilomita moja ndege hushuka mita 52 hivi. Mtambo wa redio unaoitwa ILS, katika daraja lake la kawaida, humshusha rubani kwa usalama hadi kimo cha mita 60 juu ya uwanja. Akifika hapo bila kuona taa au njia, sheria ni moja tu: aongeze nguvu za injini na kupaa tena.

Siku ile Bukoba haikuwa na ILS.

Njia ya kurukia ya Bukoba iko kandokando ya ziwa, na anayeijia kutoka upande wa maji hupita juu ya eneo lisilo na nyumba, mti wala taa ya kumsaidia kukadiria kimo chake. Maji chini ya wingu zito hayana sura, na marubani hufundishwa kwamba juu ya maji jicho hudanganyika kwa urahisi. Matone ya mvua kwenye kioo cha mbele nayo hupinda mwanga na kumfanya rubani ajione yuko juu kuliko alipo kweli. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata mtu mwenye ujuzi na nia njema, anayeamini kwamba bado ana kimo cha kutosha. Ndege ya aina ile, kwa mwendo wake wa kawaida wa kutua, ikiwa kilomita moja kutoka mahali pa kugusa ardhi, ina sekunde zisizofika 20 na mita 52 tu chini yake. Hakuna muda wa kusahihisha kosa ambalo jicho halijaliona. Kuna taa nne za pembeni ya njia zinazoonyesha mteremko, ambazo mbili nyeupe na mbili nyekundu humaanisha uko sawa na nne nyekundu humaanisha uko chini mno, lakini nazo ni msaada wa macho, na mvua kubwa huzificha kama inavyoficha kila kitu.

Najua jibu ambalo limezoeleka: ILS ni ghali, uwanja wetu ni mdogo, njia yake ina urefu wa takriban mita 1,500 tu, na ardhi ya kufunga mitambo haitoshi. Sehemu ya jibu hilo ni kweli, nami siombi kila wilaya iwe na ILS. Lakini mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kwa azimio namba A37-11, ulizitaka nchi wanachama ziwe na njia za kutua kwa setilaiti zenye mwongozo wa mteremko katika kila ncha ya njia ya kurukia inayotumika kwa vyombo, ifikapo mwaka 2016. Njia hizo hazihitaji minara wala antena uwanjani. Zinahitaji upimaji makini wa ardhi na vizuizi, wataalamu wa kuchora njia, ndege ya kuihakiki, vyombo stahiki ndani ya ndege na mafunzo kwa marubani. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya ILS. Hivyo hoja ya fedha, ambayo nimejibiwa nayo kwa maandishi, haijibu swali nililouliza.

Wala haya hayahusu Bukoba pekee. Wasafiri wa Mbeya wanaikumbuka miaka ambayo ndege zilifika juu ya uwanja wa Songwe, zikakuta ukungu na kurudi Dar es Salaam. Marubani wale walifanya uamuzi sahihi, lakini abiria aliyerudishwa alikuwa akilipia upungufu wa uwanja. Majirani zetu nao wana makaburi yao. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ndogo ya jeshi la Kenya aina ya Y-12 iligonga mlima ilipokuwa ikijaribu kutua Marsabit kwenye hali mbaya ya hewa, wakafa watu 14, wakiwamo wabunge waliokuwa katika safari ya kutafuta amani. Juni 2018 ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotelea katika milima ya Aberdare na watu wake wote 10. Kila tukio lina uchunguzi wake na sababu zake, nami sitaki kuyachanganya. Ninachokiona kinachofanana ni kwamba mahali penye hatari palijulikana tangu zamani: mlima haukuhama, na ukungu wake haukuwa mgeni.

3. Uokoaji uliachiwa wavuvi.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba mnivumilie nikikaa juu yake.

Ndege ilianguka karibu kabisa na uwanja, mahali ambapo watu waliosimama ufukweni waliuona mkia wake ukiwa juu ya maji. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Kijana mmoja alisimulia kwamba alitumia kasia kuvunja mlango wa nyuma, na abiria waliokuwa sehemu ya nyuma wakapata pa kutokea. Kisha alikwenda mbele kujaribu kuwasaidia marubani, akiwa na kamba, na kamba hiyo ilipokatika ilimpiga usoni akapoteza fahamu. Baadaye wananchi na waokoaji walisimama ufukweni wakiivuta ndege kwa kamba, kwa mikono. Kijana yule alipongezwa na taifa zima, akapewa zawadi na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na ilistahili. Lakini ripoti ya awali ya uchunguzi, iliyotolewa mwezi huohuo wa Novemba, iligusa wazi suala la kuchelewa kwa uokoaji na upungufu wa vifaa. Shukrani kwa mvuvi haziondoi swali la kwa nini yeye na kasia lake ndio walikuwa mpango wetu.

Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, kinasema kwamba uwanja ulio karibu na maji, ambao sehemu kubwa ya njia za kutua au kuruka inapita juu ya maji hayo, uwe na huduma maalumu za uokoaji zinazolingana na hatari hiyo. Gari la zimamoto linatakiwa lifike popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika tatu. Gari hilo hata likifika ndani ya dakika moja haliwezi kuingia ziwani. Nani amepimwa muda wake wa kufika majini?

Kwa watu wa ukanda huu swali hilo lina historia. Tarehe 21 Mei 1996 tuliwapoteza mamia ya ndugu zetu katika ajali ya meli ya MV Bukoba, karibu na Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa. Kila mara tuliambiwa kwamba uokoaji ziwani utaimarishwa. Kwa hiyo sitaridhika kuambiwa kwamba boti limenunuliwa. Naomba kujua limefungwa wapi, umbali gani kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Kama lina mafuta leo. Kama mitungi ya wazamiaji imejazwa na nani huikagua. Nani ana ufunguo wake saa mbili asubuhi siku ya Jumapili. Na mara ya mwisho lilishushwa majini kwa mazoezi ni lini. Naomba pia kujua kama wavuvi wa mwalo wa Nyamukazi, ambao kwa vyovyote watatangulia kufika, wamefundishwa namna ya kufungua milango ya dharura ya ndege kutoka nje. Mafunzo hayo ni ya siku chache. Yangeweza kuanza mwezi huu bila kusubiri bajeti mpya.

4. “Kosa la rubani” si mwisho wa uchunguzi.

Kiambatisho cha 13 cha mkataba huohuo kinaeleza kwamba lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, na kwamba si kazi yake kugawa lawama. Hata pale ambapo rubani ameshuka chini ya kimo kinachotakiwa au amechelewa kupaa tena, bado tunapaswa kuuliza alikuwa na taarifa gani, mwongozo gani, mafunzo gani, na shinikizo gani la kutua. Marehemu hawawezi kujieleza, na ni rahisi mno kuwabebesha wao mzigo wote huku uwanja ukibaki kama walivyouacha.

5. Ripoti haziwafikii wanaohusika.

Ripoti za uchunguzi huandikwa Kiingereza, na hutumwa mahali ambapo mjane wa Kashai, hapa mjini Bukoba, hawezi kuzifuata. Baada ya mapendekezo kutolewa, mwananchi hana njia rahisi ya kujua lipi limetekelezwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Hata suala la aina ya njia ya kutua iliyopo katika kila uwanja limo katika vitabu vya marubani na si siri, lakini hakuna aliyeona umuhimu wa kumweleza abiria anayenunua tiketi.

Waheshimiwa, najua pia nitaambiwa kwamba uwanja mpya unakuja. Habari za uwanja mpya wa Omukajunguti, wilayani Missenyi, tumezisikia kwa miaka mingi, na ningefurahi kama ndugu yeyote wa Kagera siku utakapofunguliwa. Hata hivyo, ndege zinatua Bukoba leo, na kesho asubuhi zitatua tena. Uwanja ambao bado haujajengwa hauwezi kuwa sababu ya kuuacha unaotumika bila vifaa. Ama uwanja huu unafaa kupokea abiria katika msimu wa mvua, na basi upewe vinavyostahili, au haufai, na basi mtueleze chini ya mwonekano gani na kimo gani cha mawingu ndege hazitaruhusiwa kujaribu kutua. Msimamo wa katikati, wa kuruhusu na kuomba Mungu, mimi siukubali.

Kwa heshima zote, naomba mambo manne.

(a) Itangazwe kwa Kiswahili, uwanja kwa uwanja, ncha kwa ncha, kama kuna njia ya kutua kwa vyombo, kama ina mwongozo wa mteremko, na pale ambapo haipo itawekwa lini. Bukoba iwe ya kwanza katika ratiba hiyo.

(b) Vifaa vya kupima hali ya hewa mfululizo viwekwe pale vinapokosekana na vitunzwe pale vilipo, na mashirika ya ndege yatakiwe kupitia upya saa za kuwasili Bukoba katika miezi ya mvua. Safari ikisogezwa hadi mchana itamgharimu abiria saa chache za kusubiri, nami kama abiria niko tayari kuzisubiri.

(c) Mpango wa uokoaji majini wa uwanja wa Bukoba uwekwe hadharani na ufanyiwe zoezi kamili mbele ya wananchi angalau mara moja kwa mwaka, kwa saa inayopimwa kuanzia king'ora hadi mzamiaji wa kwanza kuingia majini, na matokeo yake yatangazwe hata kama ni mabaya. Wavuvi washirikishwe kwa majina, mafunzo na vifaa.

(d) Ripoti ya ajali ya tarehe 6 Novemba 2022 itolewe kwa Kiswahili, pamoja na jedwali linaloonyesha kila pendekezo, ofisi iliyopewa na hatua iliyofikiwa.

Naomba majibu ya maandishi, hadharani, kabla ya msimu ujao wa vuli kuanza. Kama kuna jambo katika barua hii ambalo tayari limetekelezwa, nitashukuru kuonyeshwa, nami nitawaarifu wasomaji walewale walioisoma barua hii. Niko tayari kuitwa na ofisi yoyote kati ya zenu, kwa gharama zangu, kueleza ninayoyajua kuhusu mvua ya ziwa hili.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa huduma za hali ya hewa,
Bukoba, Kagera.